Mjadala: Bustani ndogo za wanyama zifungwe, au zibaki na vyura wake?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kuna jambo limenikaa kichwani tangu wiki iliyopita. Nalileta hapa tulichambue, maana nyumbani wameshachoka kunisikiliza.

Nilikwenda kwenye bustani ya wanyama, zile ndogo ambazo ukianza kuzunguka, nusu saa haijaisha umesharudi getini. Kobe wanne, kasuku, mamba mmoja, chatu nyuma ya kioo, tumbili kama kumi hivi, na fisi. Huyo fisi ndiye aliyenifanya niandike.

Banda lake lina majani, lina mti, lina kivuli. Si chafu. Lakini kandokando ya wavu pana ukanda wa ardhi tupu, upana wa shubiri mbili, umekanyagwa mpaka umekuwa mgumu na laini kama sakafu ya udongo iliyosiribwa. Ndiyo njia yake. Nilihesabu: hatua 14, anafika pembeni, anageuka, na kila anapogeuka anainua kichwa kidogo upande wa kushoto, vilevile, kama mtu anayemwitikia jirani salamu. Kisha 14 za kurudi. Nilisimama pale karibu dakika 20, hakukosea hata mara moja. Kijana mmoja akamrushia kizibo cha chupa ili acheke (ile sauti tunayoiita kicheko, fisi huitoa akiwa amebanwa au ana woga, lakini nani anajali). Kizibo kilimpata ubavuni. Hakugeuka hata kutazama.

Akaja mtunzaji na ndoo. Hakuita, alipiga tu ulimi. Fisi akatoka kwenye njia yake, akaja kuegemeza bega kwenye wavu, akakunwa shingo kwa kijiti huku amefumba macho. Kwa dakika mbili alikuwa mnyama mwingine kabisa. Mtunzaji akaenda zake, naye akarudi kwenye kazi yake: 14.

Mimi si mtu wa kuchukia bustani za wanyama. Mapenzi yangu kwa nyoka yalianzia kwenye bustani kama hiyo, nikiwa sijafika hata kimo cha kioo. Ndiyo maana hoja yangu si kwamba zifungwe. Nasema ziache kununua, kupokea na kuzalisha wanyama wanaozunguka eneo kubwa: fisi, simba, chui, dubu, tembo. Waliopo watunzwe mpaka wafe kwa uzee, ila wasiwe na warithi. Vibaki vyura, kobe, samaki, nyoka na wadudu.

Na siyo huruma tu. Mwaka 2003 watafiti wawili, Ros Clubb na Georgia Mason, walichapisha katika jarida la Nature ulinganisho wa wanyama walao nyama walio kifungoni. Walichokuta ni kwamba kadiri mnyama anavyozunguka eneo kubwa porini, ndivyo kifungoni anavyozidi kwenda na kurudi bila sababu, na ndivyo watoto wake wanavyokufa zaidi. Kwa dubu wa ncha ya kaskazini, banda la kawaida ni kama sehemu moja ya milioni ya eneo lake la asili. Sasa hilo banda ulipanue mara mbili, ulipanue hata mara kumi, umemfanyia nini?

Niambieni nimekosea wapi.

Mchangiaji 1

Mkuu, umeandika vizuri, lakini fisi mmoja siyo ushahidi. Umeshasema mwenyewe kwamba ndoo ilikuja. Huenda alikuwa anaisubiri. Hata mbuzi wakijua saa ya kula imefika hawatulii getini.

Mchangiaji 2

Mimi nasema zifungwe zote, ndogo na kubwa. Tukumbuke zilikotoka. Ile ya Schönbrunn kule Vienna, ambayo ndiyo kongwe kuliko zote zinazofanya kazi hadi leo, ilianzishwa mwaka 1752 kama pambo la jumba la kifalme. Na mwaka 1906 bustani ya Bronx, New York, ilimweka Ota Benga, kijana kutoka Kongo, kwenye nyumba ya nyani, watu wakamiminika kumtazama. Shirika linaloiendesha liliomba radhi mwaka 2020. Hesabu mwenyewe ilichukua miaka mingapi. Mwaka ule 1906 nao walikuwepo waliosema watu wanakuja pale kujifunza, kwa hiyo mtu akiniambia leo kwamba tundu linaelimisha, nauliza: linamwelimisha nani, juu ya nini?

Fungueni milango, wanyama warudi kwao porini.

Mchangiaji 3

Dada au kaka hapo juu, "warudi kwao porini" ni sentensi tamu sana kuandika. Nimefanya kazi ya kulisha na kusafisha mabanda miaka tisa, nimewahi kumlea fisi kwa chupa ya maziwa. Huyo hana kwao. Fisi madoa huishi kwa ukoo, na kila mmoja anajua nafasi yake chini ya jike mkuu. Ukimshusha mgeni kati yao, anararuliwa. Akiponea hapo, ataenda kutafuta binadamu maana ndiye anayemjua, na binadamu atampokea kwa mkuki. Hata Costa Rica, iliyopitisha sheria mwaka 2013 na kufunga bustani mbili za mwisho za serikali mwaka 2024, wanyama hawakumwagwa msituni. Walihamishiwa kituo cha uokoaji, wakakaguliwe kwanza nani anaweza kurudi na nani hawezi. Wengi wa aina hiyo hufia kwenye vituo. Ni kifungo kizuri zaidi, lakini ni kifungo.

Kwa mleta mada sasa. Hoja yako naielewa, ila hujawahi kusimama getini Jumapili mchana. Swali la kwanza ni "simba yuko wapi?" Hakuna aliyewahi kuniuliza chura yuko wapi. Nyama ya fisi na taa ya kumpa chura joto vinalipwa na tiketi ileile.

Kuhusu kwenda na kurudi, tulipambana nako. Tulificha nyama ndani ya magogo, tukabadilisha saa za kulisha, tukaweka kinyesi cha wanyama wengine ili wapate cha kunusa. Inasaidia. Siku ya gogo jipya unaona mnyama anatumia akili, unafurahi. Siku ya tatu yuko palepale pembeni.

Na kuna kitu wageni hamkioni. Mnapima banda la mchana. Nendeni mkapime chumba cha usiku. Saa kumi na moja jioni tunafunga geti, wanyama wakubwa wanaingizwa ndani, sakafu ya saruji, mlango wa chuma wa kuvuta kwa mnyororo. Wanatoka saa mbili asubuhi. Ni saa 15. Fisi ni mnyama wa usiku. Muda wote ambao angekuwa anatembea yuko kwenye chumba ambacho hakina hatua 14.

Mchangiaji 4

Sikuwa nataka kuchangia, ila naona vyura wanatajwa kama mzaha. Kuna chura wa Kihansi, Tanzania, mdogo kiasi kwamba anaweza kukaa juu ya ncha ya kidole gumba. Hatagi mayai, anazaa watoto. Alikuwa anaishi sehemu moja tu duniani, kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi. Maji yalipochepushwa kwa ajili ya umeme, manyunyu yakakata. Mwaka 2000 wakachukuliwa vyura karibu 500, wakapelekwa Marekani. Mwaka 2009 akatangazwa kwamba hayupo tena porini. Waliobaki walikuwa kwenye visanduku vya kioo, katika bustani za Toledo na Bronx. Ndiyo, Bronx hiyohiyo. Uzao wao ulianza kurudishwa kwenye bonde lile mwaka 2012, chini ya mabomba ya kunyunyizia maji. Mchangiaji 2, mwaka ule wa 2000 ungesema nini? Milango ifunguliwe?

Lakini hata kanuni ya mleta mada ina tobo. Choroa wa Arabuni anatembea jangwani masafa marefu mno, kwa hiyo yumo kwenye orodha yako ya wasiofaa kufungwa. Wa mwisho porini waliuawa mwaka 1972. Waliorudishwa Oman mwaka 1982 walitoka kwenye kundi lililozalishwa kwenye bustani za wanyama. Kwa kanuni yako leo tungekuwa tunamwona kwenye picha.

Mchangiaji 5

Na kuku je? Naona hapa kila mtu anamlilia fisi na jioni anakula kuku aliyeishi wiki sita kwenye eneo dogo kuliko gazeti. Nauliza tu.

Mleta mada

Wa kuku, umenishika, na sina jibu la kujivunia. Ila kosa langu kwa kuku halimfanyi fisi atulie.

Choroa nakubali, hapo nilichemka. Narekebisha: mnyama wa masafa awekwe pale tu ambapo upo mpango wa kumrudisha, na ipo ardhi ya kumrudishia. Choroa alikuwa na vyote viwili. Fisi wangu hana hata kimoja, na wala hahitajiki kwa ajili hiyo, kwa sababu fisi madoa porini bado hayumo kwenye orodha ya wanaotoweka. Yupo pale kwa sababu mtu alikuwa naye na akampeleka.

Suala la tiketi ni gumu zaidi, sitajifanya ni jepesi. Lakini bustani ya Detroit iliwatoa tembo wake wawili, Winky na Wanda, mwaka 2005, ikawapeleka hifadhi ya California kwa sababu ilisema wazi kwamba haiwezi kuwapa wanachohitaji. Ipo wazi hadi leo, bila tembo. Najua, Detroit ni kubwa, ina mengine ya kuonyesha. Bustani ya kobe wanne itabidi ijifunze kumwonyesha chura, na hiyo ni kazi: taa nzuri, kioo kisafi, mtu wa kusimulia. Mimi nilisimamishwa na nyoka aliyekuwa hajitingishi kabisa, kwa sababu mtu aliyekuwa pembeni yake alijua kuongea.

Mchangiaji 1, swali lako lilikuwa la haki, kwa hiyo jana nilirudi. Nikangoja alishwe, amalize mfupa, anywe maji. Akalala kama robo saa. Kisha akainuka, akaenda kwenye wavu. 14.

Nikamwomba mtunzaji anionyeshe chumba cha usiku. Alisita, akanipeleka. Nilitembea mimi mwenyewe kutoka ukuta hadi ukuta: hatua zangu tatu. Kwenye saruji, kando ya ukuta, pana mstari umesuguliwa.

Mchangiaji 3

Huo mstari wanaupaka rangi kila mwaka.