Binti yangu kakoseshwa kwa kuandika kwamba wanawake wa FRELIMO walipigana vita

Wakuu, nimekasirika na sifichi.

Jana binti yangu wa darasa la saba kaja na zoezi la historia. Swali: wanawake walichangia nini katika ukombozi wa Msumbiji? Kajibu, "Walipigana vita." Mwalimu kampiga kosa kwa kalamu nyekundu, kakandamiza mpaka karatasi imetoboka, pembeni kaandika: "Walipika na kubeba mizigo."

Jamani, haya hayakutokea Vietnam. Ni Nachingwea, Lindi hapa hapa! Oktoba 1966 Kamati Kuu ya FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, iliamua wanawake waingie kwenye mapambano kikamilifu. Mwaka 1967 wasichana wa kwanza kutoka Cabo Delgado na Niassa wakaanza mafunzo ya kijeshi Nachingwea, silaha zile zile walizofundishwa wanaume. Kikosi chao kiliitwa Destacamento Feminino, yaani Kikosi cha Wanawake. Wapo wanaume wa chama chao waliopinga mwanamke kushika bunduki. Wakashika.

Na hiyo mizigo anayoidharau mwalimu ilikuwa masanduku ya risasi na makombora, kichwani, kutoka mpakani Ruvuma, siku kadhaa porini, huku ndege za Mreno zinawatafuta. Bibi yangu mzaa mama, Mmakonde wa ng'ambo, alibeba. Nilikuwa namsuka nikiwa mdogo. Utosini hapakuota nywele tena, ngozi ilikuwa ngumu kama kisigino. Na bunduki alikuwa nayo begani, maana mzigo ule ulihitaji kulindwa.

Kinachoniuma zaidi ni Josina Machel. Kila akitajwa ni "mke wa Samora", yule kiongozi wa FRELIMO aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Msumbiji, basi. Josina alikamatwa mwaka 1964 akitoroka nchi ili ajiunge na FRELIMO, akarudishwa kwa Mreno, akatoroka tena mpaka Dar. Alipofunga ndoa Tunduru mwaka 1969 alikuwa mpiganaji tayari. Kafia Dar tarehe 7 Aprili 1971, ana miaka 25. Msumbiji siku hiyo ni sikukuu ya taifa. Sisi tuliomuuguza hatumfundishi!

Samora mwenyewe alisema mwaka 1973 kwamba bila ukombozi wa mwanamke mapinduzi hayashindi. Chama kilikuja kutangaza rasmi Umarksi, itikadi ya usawa, mwaka 1977, lakini akina mama hawa walikuwa wameshauishi porini miaka kumi nyuma.

Jumatatu naenda shuleni na karatasi hiyo, nataka alama za mwanangu zirudi. Mwenye picha ya akina mama wale wakiwa kambini Nachingwea aiweke hapa, niichapishe niende nayo.