Max Payne 1, 2 au 3: ipi inafaa kuanza nayo kwa anayependa hadithi za noir?

Msafiri_wa_Usiku
Wakuu, habari za jioni. Nimemaliza Alan Wake 2 kwenye PlayStation ya binamu yangu, na yule mpelelezi Alex Casey hajanitoka kichwani. Nimeambiwa amechongwa kwa kumkumbuka Max Payne: sura ni ileile ya Sam Lake, mwandishi wa Max Payne ya kwanza, sauti ni ileile ya marehemu James McCaffrey. Sasa nataka kuingia kwenye Max Payne yenyewe.

Zipo tatu: ya 2001, ya 2003 na ya 2012. Nina laptopu ya RAM GB 8 isiyo na kadi ya grafiksi ya pembeni, na intaneti yangu ni ya bando. Kurushiana risasi napenda, lakini ninachokitafuta hasa ni ile noir: hali ya usiku, mji usio na huruma, na mtu aliyepoteza kila kitu akijisimulia. Ipi imeishika vizuri zaidi? Tafadhali msinifichulie mwisho.

Jabali_Eastlands
Anza na ya 2001, ndugu, usiruke hata kidogo. Karibu mambo yote yanatokea New York wakati wa dhoruba ya theluji, na ile theluji haikuwekwa kama pambo. Imeufunga mji. Raia wamejifungia ndani, waliobaki nje ni polisi, majambazi na Max. Huyu ni polisi aliyerudi nyumbani akakuta mkewe Michelle na mtoto wao mchanga wameuawa na watu waliotumia dawa ya kulevya iitwayo Valkyr. Miaka mitatu baadaye amepenyezwa ndani ya mafia, mwenzake anauawa, na lawama inamwangukia yeye. Kuanzia hapo anawindwa na pande zote mbili.

Ndiyo gemu iliyoigeuza slomo, yaani mwendo wa polepole, kuwa silaha. Risasi zinasafiri kweli, unaziona zikipita hewani. Unapojirusha kando huku muda umepungua kasi, unazikwepa kwa macho yako mwenyewe. Na afya hairudi ukijificha nyuma ya ukuta, lazima umeze vidonge vya maumivu ulivyookota. Ukiishiwa, unaingia chumba kinachofuata ukichechemea, na unalisikia hilo mwilini.

Hadithi inasimuliwa kwa kurasa za katuni: picha za watu halisi zilizogeuzwa michoro, na sauti ya McCaffrey juu yake. Remedy ilikuwa studio ndogo ya Finland isiyo na fedha za waigizaji, kwa hiyo wakasimama wenyewe mbele ya kamera. Lake, aliyeandika hadithi, akawa Max. Hata mama yake mzazi amo, tena kwa nafasi kubwa. Halafu angalia majina: Valkyr, klabu ya Ragna Rock, kampuni ya Aesir, mzee Woden. Simulizi za kale za miungu ya kaskazini zimepandwa katikati ya mafia wa New York, na theluji isiyokoma inaanza kuonekana kama mwisho wa dunia. Mpaka leo sijaona gemu ya risasi iliyofikiriwa kwa kina hivyo.

BintiChukwani
Kaka Jabali amesema kweli kuhusu theluji. Ila kwa kile alichouliza mleta mada, mimi natetea ya pili.

Ya kwanza ni hadithi ya kisasi. Ya pili ni hadithi ya mapenzi, ya mtu anayejua kabisa kwamba anakwenda kuumia na bado anakwenda. Max amerudi kuwa mpelelezi wa polisi, Mona Sax, mwanamke anayempenda, ni mtuhumiwa wa mauaji, na Max anapaswa kuchagua upande. Inaanzia hospitalini, kisha inarudi nyuma kukuonyesha alifikaje pale. Tangu dakika ya kwanza unajua mambo yataharibika, hujui tu yataharibika vipi. Kwangu hiyo ndiyo noir. Kuna sehemu unamchezesha Mona mwenyewe, mojawapo ukiwa na bunduki ya mdunguzi, ukimlinda Max kutoka juu.

Mapigano nayo yamekua. Ukiwa kwenye slomo, kila unayemwangusha dunia inazidi kuwa nzito na wewe unazidi kuwa mwepesi, kwa hiyo unasukumwa kushambulia badala ya kujibanza. Maboksi, viti na makopo yanaanguka kwa uzito wake halisi, jambo lililotushangaza sana 2003. Na usizipite televisheni zilizowashwa ndani ya majengo. Vipindi vyake vinarudia maisha ya Max kwa namna yake, simama uvitazame.

Kasoro ni kwamba inaisha mapema mno. Ukiimaliza katika ugumu wa juu kabisa mwisho hubadilika, nami nitaishia hapo.

Fundi_Mkude
Mleta mada, tuangalie na mashine yako. Mbili za kwanza zitakimbia bila shida yoyote, na zikijumlishwa hazifiki hata GB 4. Ya tatu inataka nafasi ya GB 35 kwenye diski pamoja na akaunti ya Rockstar, kampuni iliyoitengeneza. Grafiksi za ndani za laptopu za miaka ya karibuni huimudu ukishusha ubora wa picha, lakini bando lako litalia.

Angalizo kwa ya kwanza: kwenye Windows za sasa sauti husumbua, muziki na maneno hukatika au hukosekana kabisa. Wapenzi wa gemu wameshatengeneza kiraka cha kurekebisha, ni kidogo na hakilipiwi. Kiweke kabla hujaanza, maana bila sauti ya Max umekosa nusu ya gemu. Pia ilitengenezwa kwa kibodi na mausi, padi haiitambui. Lipo toleo la simu la 2012, lakini kulenga shabaha kwa kidole juu ya kioo ni taabu, silipendekezi.

Mzee_wa_Padi
Naona ya tatu inapitwa kama haipo. Niruhusuni niitetee kwa moyo wote.

Watu wanasema si noir kwa sababu kuna jua na iko Brazil. Lakini giza la hadithi hizi liko ndani ya mtu. Max amezeeka, analewa, anameza vidonge hata asipojeruhiwa, na amekubali kazi ya kulinda familia tajiri ya Branco huko São Paulo. Analipwa kulinda watu, na watu wanatekwa na kufa mbele yake. Anajisimulia bila kujihurumia.

Kitu kilichonikamata ni Kireno. Watu wanaomzunguka wanazungumza lugha yao na hupewi tafsiri, kwa sababu Max mwenyewe haelewi. Unatembea favela, mitaa ya mabanda ya Brazil, watu wakikupigia kelele, hujui wanakutisha au wanakuonya. Upweke wa kiwango hicho theluji ya New York haikuwahi kuufikia.

Kwa upande wa risasi hakuna anayeisogelea. Max hubeba bastola mbili na bunduki moja ndefu tu, na akitaka kushika bastola zote mbili anaitupa ile ndefu. Akijirusha anagonga meza na kuta kama mtu mwenye mifupa, kisha anaendelea kufyatua akiwa amelala chali. Tena ukipigwa risasi ya kukumaliza na bado una kidonge, unapewa nafasi ya mwisho: mpige aliyekupiga kabla hujafika chini, utainuka. Na ile sehemu ya uwanja wa ndege, na muziki wa bendi ya HEALTH, ivaliwe spika za masikioni.

Jabali_Eastlands
Mzee, heshima yako, hoja ya Kireno nimeikubali. Lakini hadithi ile si ya Lake, iliandikwa na Dan Houser wa Rockstar na wenzake, na inasikika. Max wa zamani alizungumza kama mshairi aliyevunjika. Huyu wa 2012 anarudia uchungu uleule kila baada ya mlango. Halafu zile filamu ndefu za katikati zisizorukika! Unapiga watu sita, unanyang'anywa padi, unatazama, unarudishiwa. Kurasa za katuni zilikuacha ndani ya mchezo.

Mzee_wa_Padi
Kuhusu filamu za katikati sina utetezi. Kuhusu uchungu kurudiwa, mlevi ndivyo alivyo.

BintiChukwani
Nikiongeza jambo moja: ya tatu inauma zaidi ukishapita mbili za mwanzo. Sura za kumbukumbu zinazorudi New Jersey, hasa ya makaburini, hazina uzito kwa mtu asiyemjua Michelle.

Msafiri_wa_Usiku
Nashukuruni sana wote. Nimesikia kwamba ya kwanza na ya pili zinatengenezwa upya. Nisubiri?

Fundi_Mkude
Remedy walitangaza Aprili 2022, kwa fedha za Rockstar. Usisubiri. Hata zikitoka, hizi za zamani bei yake ni ndogo na laptopu yako inaziweza, zile mpya sidhani.

Msafiri_wa_Usiku
Basi nanunua ya kwanza na ya pili pamoja, ya tatu nitaifuata nikipata kadi. Ugumu niweke upi?

BintiChukwani
Mwanzoni utapewa ule wa kawaida, mwingine unafunguka ukishamaliza. Usiudharau, unakupima: ukifa mara nyingi maadui wanalegezwa, ukicheza vizuri wanakazwa. Hifadhi kabla ya kila mlango. Ukifika kwenye ndoto mbaya, ile ya mistari ya damu gizani, tembea taratibu, watu wengi huanguka pale kwa haraka zao.