Naombeni ushauri: mama mkubwa hataki kuona mwisho wa Isidingo

Wakuu, habari za majukumu. Mama mkubwa wangu hapa Ujiji alikuwa mtu wa tamthilia ya Isidingo haswa. Enzi zile ITV ikiionesha, hata migebuka ingeungua jikoni asingenyanyuka. Sisi watoto ndio tuliokuwa wakalimani, tena tukikosea anatusahihisha! Kisa cha Nandipha, yule aliyekuwa akiishi na virusi vya UKIMWI, ndicho kilichofanya nyumbani tuanze kuuzungumza ugonjwa huo bila kunong'ona.

Tamthilia ilianza Afrika Kusini mwaka 1998 ikafungwa Machi 2020. Yeye mwisho hakuuona. Sasa mdogo wangu kampatia sehemu za mwisho kwenye flashi, bibie kagoma. Anasema akitazama atakuwa amewazika. Asipotazama, yule mhusika Cherel bado yuko Horizon Deep, mji wa mgodi wa kwenye tamthilia, anapanga fitina zake.

Mimi naona ana hoja. Mdogo wangu anasema ni woga tu, na kweli mama mkubwa huwa anauliza kwa kuibia kuhusu mhusika mwingine, "Hivi Barker aliishia wapi?"

Waliowahi kuwa na mzazi wa namna hii, mlifanyaje? Tumwekee siku moja bila kumwambia, au tumsubiri aombe mwenyewe?