Naombeni ushauri: nitawaombeaje wapendwa wangu kwa shukrani na furaha ilhali moyo umejaa wasiwasi?

Mwalimu wa Lanet

Bwana asifiwe, ndugu na dada. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Nakuru, ingawa kwetu nyumbani ni Butere. Nina mke na watoto, na mama yangu mzazi angali hai. Kila alfajiri, kabla sijatoka kwenda kazini, huwaombea watu wangu mmoja mmoja kwa jina. Katika mafunzo ya Biblia kanisani tulisoma sura ya kwanza ya Waraka kwa Wafilipi, ambako Mtume Paulo, akiwa amefungwa minyororo, anawaambia rafiki zake kwamba humshukuru Mungu kila awakumbukapo, na kwamba huwaombea wote kwa furaha. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiisikiliza sala yangu mwenyewe, na sioni furaha ndani yake. Nikimtaja kifungua mimba wangu, aliye chuo kikuu, ninataja pombe na jinsi alivyoacha kwenda kanisani. Nikimtaja mama, ninataja kisukari na macho yanayofifia. Nikimtaja dada yangu, ninataja shamba la marehemu baba ambalo limetufanya tusisemezane. Mke wangu humtaja kwa haraka tu, kwa kuwa hana tatizo. Ninasali kama mwalimu anayeita majina ya wale tu ambao hawakufanya kazi ya ziada.

Ninaomba ushauri katika mambo mawili. Kwanza, je, inawezekana kumshukuru Mungu kwa ajili ya kijana ambaye mwenendo wake unaniumiza, nisiwe ninasema maneno ambayo moyo wangu unayakana? Pili, baada ya Krismasi ukoo wetu utakutana Butere, nami nimeombwa kuongoza sala kabla ya chakula. Dada yangu atakuwepo. Niombeje mbele yake?

Katekista Mstaafu, Kisumu

Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Swali lako la kwanza linajibika vizuri zaidi ukiwatazama Wafilipi wenyewe walikuwa watu gani. Ukisoma Matendo ya Mitume sura ya 16 utawakuta Lidia, mwuza rangi ya zambarau aliyetoka Thiatira, aliyemkaribisha Paulo na wenzake nyumbani kwake, na mlinzi wa gereza ambaye usiku ule wa tetemeko alichomoa upanga ili ajiue, kisha kabla ya mapambazuko akawa anawaosha Paulo na Sila majeraha yao. Paulo alipoandika kwamba anashukuru kila anapowakumbuka, alikuwa na nyuso na matukio mbele ya macho yake: nyumba iliyofunguliwa, mapigo yaliyooshwa, na msaada waliomtumia zaidi ya mara moja alipokuwa Thesalonike. Shukrani yake ilikuwa na mambo ya kushika.

Tena angalia shukrani hiyo inaelekezwa kwa nani. Hakuwapa Wafilipi cheti cha mwenendo mwema. Alimshukuru Mungu ambaye, kwa maneno yake, alianza kazi njema ndani yao naye ataimaliza. Kazi iliyoanzwa na ambayo haijamalizika ndiyo hali ya kijana wako pia. Kama bado unasita, fungua Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho. Watu wale walikuwa wamegawanyika makundi, wakishtakiana mahakamani, na wengine wakilewa penye chakula cha Bwana, lakini Paulo anaanza kwa kumshukuru Mungu kwa ajili yao, kwa sababu ya neema waliyopewa, na ni baada ya hapo tu ndipo anapoanza kuwakemea, tena kwa ukali.

Mama Ahero

Katekista ameeleza vyema, lakini naomba asitufanye tudhani kwamba Paulo alikuwa akitabasamu wakati wote. Katika waraka huohuo wa furaha, sura ya pili, anasimulia kwamba Epafrodito, waliyemtuma kumhudumia, aliugua hata kukaribia kufa, na kwamba kama angekufa yeye Paulo angepata huzuni juu ya huzuni. Kwa Warumi, sura ya 9, anasema ana huzuni nyingi na maumivu yasiyokoma moyoni kwa ajili ya jamaa zake. Kwa Wagalatia hakuweka shukrani yoyote mwanzoni. Baada ya salamu anaingia moja kwa moja katika kustaajabu jinsi walivyogeuka upesi. Basi Mwalimu asijione mkosefu kwa kuwa analia akimtaja mwanawe. Hata Ayubu aliamka asubuhi na mapema kutoa sadaka kwa ajili ya kila mtoto wake, kwa kuhofia tu kwamba huenda wamemkosea Mungu moyoni. Wasiwasi wa mzazi nao ni sala. Nimewaona watu wakilazimishwa kusema "Asante Yesu" kando ya jeneza, na sitaki tulirudishe jambo hilo hapa chini ya jina la furaha.

Katekista Mstaafu, Kisumu

Nakubali, Mama, na ninashukuru kwa kunisahihisha mapema. Ila nawe usome Wagalatia mpaka sura ya 4. Humo, katikati ya ukali wote ule, Paulo anakumbuka jinsi walivyompokea alipokuwa mgonjwa, hata wangeweza kung'oa macho yao wampe. Uchungu haukulifuta jambo jema walilomtendea zamani.

Mzee wa Mbale

Mwalimu, mimi nimelelewa katika Kanisa la Marafiki, yaani Quakers, lile lililofika Kaimosi mwaka 1902, na kwetu tumefundishwa kukaa kimya mbele za Mungu kabla ya kufungua kinywa. Ninakushauri ujaribu hivyo. Utaje jina la mtu mmoja, kisha unyamaze, usiombe lolote mpaka ukumbuke jambo moja ambalo mtu huyo amelitenda au amelipokea, jambo dogo lenye mahali na wakati wake. Ndipo useme asante kwa hilo, na baadaye ulete ombi lako.

Ninaye mjukuu ambaye ukoo mzima unamlalamikia, na pengine una sababu. Nilipomtaja na kunyamaza, nilimwona akiwa amekaa sakafuni na bibi yake msimu ule wa mavuno, wakipukuchua mahindi mpaka ngozi ya kidole gumba chake ikachubuka, naye akaendelea kwa kutumia gunzi ili bibi asibaki na kazi peke yake. Nilikuwa nimelisahau kabisa. Nilimshukuru Mungu kwa kidole kile, na baada ya hapo ombi langu lilibadilika: zamani nilikuwa ninaomba aache ukaidi, siku hizi ninaomba wema ule uliokuwa ndani yake upate nafasi ya kukua. Paulo naye, baada ya kushukuru, haombi Wafilipi waondolewe kasoro. Anaomba upendo wao uzidi kuwa mwingi katika hekima na ufahamu. Shukrani ndiyo iliyomwonyesha la kuomba.

Kuhusu mke wako, nitasema neno moja tu, kwa kuwa mimi ni mzee. Mtu asiye na tatizo katika sala yako huenda ndiye anayeyabeba ya wengine wote.

Binti wa Kondele

Shikamooni wazee. Mimi ninaandika kwa niaba ya wale wanaoombewa, kwa maana hapa wanaongea wazazi peke yao. Mama yangu alikuwa akinileta mbele ya kikundi chake cha maombi karibu kila juma: binti yangu amefanya hivi, tumwombee, binti yangu ameonekana na fulani, tumwombee. Kila niliyekutana naye pale sokoni Kibuye alikuwa anazijua habari zangu na ananitazama kwa huruma. Kwa Kiswahili cha kawaida tunaita jambo hilo kusengenya, hata kama linaanza na kumalizika kwa Amina. Nilikaa mbali na kanisa kwa muda, na siyo kwa kuwa nilimchukia Mungu.

Kwa hiyo, Mwalimu, nina mambo mawili kwako. Shida za kijana wako uzitaje chumbani ukiwa peke yako, au mbele ya mtu mmoja unayemwamini. Shukrani yako kwa ajili yake ndiyo uitaje mbele ya watu. La pili ni hili: Paulo hakuishia kumwambia Mungu kwamba anawashukuria Wafilipi. Aliandika waraka wakasomewa wenyewe, wakasikia kwa masikio yao kwamba wamo moyoni mwake. Kijana wako anajua kwamba unamwombea. Je, anajua kwamba unamshukuria Mungu kwa ajili yake?

Mwalimu wa Lanet

Nawashukuru nyote kwa kunijibu kwa upole na kwa ukweli. Binti wa Kondele, swali lako limenikalia kifuani tangu jana. Hofu yangu ni kwamba nikimpigia simu na kumwambia maneno ya namna hiyo, atadhani nimepatwa na ugonjwa mbaya, au kwamba ninamtayarisha kusikia kuwa karo haitapatikana. Hatujazoea kusemezana hivyo. Baba yangu hakuwahi kuniambia, nami nilijua tu kwa kuwa alikuwa akinisindikiza hadi stendi.

Binti wa Kondele

Basi usimpigie. Mtumie ujumbe wa sauti, ulio mfupi, umweleze jambo moja ulilolikumbuka na kwamba ulimshukuru Mungu kwa hilo. Usiongeze ushauri, usitaje pombe, wala usiulize atakwenda kanisani lini. Akijibu kwa kuomba hela ya matumizi, usikate tamaa. Hiyo nayo ni namna ya kujibu.

Fundi wa Kakamega

Mimi nitagusa suala la dada, kwa maana naona limepitwa. Kuna hatari moja ya sala za mikutano ya ukoo huku kwetu: anayeongoza hufumba macho, kisha anamhubiria mtu aliyesimama mbele yake. "Ee Bwana, wasaidie wenye tamaa." Kila mtu anajua ni nani anayesemwa, na yeye hana nafasi ya kujibu, kwa kuwa huwezi kumkatiza mtu anayeongea na Mungu. Nimeshuhudia chakula kikibaki kwenye masufuria kwa sababu ya sala ya aina hiyo.

Kule Filipi pia kulikuwa na wanawake wawili waliokosana, Euodia na Sintike. Paulo anawataja kwa majina katika sura ya 4 na kuwasihi wawe na nia moja, lakini pia anamwomba mtu wa tatu awasaidie, na anakumbusha kwamba wanawake hao walishindana pamoja naye katika kazi ya Injili. Mambo yale matatu anayaweka pamoja: kusihi, msaidizi, na shukrani kwa waliyoyatenda. Nawe fanya hivyo. Suala la shamba mlipeleke wote wawili kwa mzee mnayemheshimu, siku nyingine, mkiwa na karatasi zenu mezani. Katika sala ya chakula mshukuru Mungu kwa ajili ya dada yako kwa jambo la kweli ambalo hata yeye akilisikia hatalikana. Kama huwezi kupata hata moja, usimtaje pekee. Waombee wote kwa ujumla. Afadhali kunyamaza kuliko kumsifu mtu kwa maneno ambayo watu watacheka baadaye jikoni.

Mama Ahero

Naunga mkono, hasa lile la kutomsifu kwa uongo. Naomba niongeze kwamba kushukuru kwa ajili ya dada yako hakumaanishi kwamba umeliachilia shamba. Wapo watakaokwambia kuwa mtu wa shukrani hadai haki yake, na hao wasikubabaishe. Mwalimu, je, una jambo la kweli la kusema juu yake?

Mwalimu wa Lanet

Ninalo. Nilipokuwa chuo cha ualimu, yeye ndiye aliyekuwa akiuza ndizi na mboga za kienyeji ili nipate nauli, na mwaka ambao baba aliugua alihamia nyumbani akamuuguza mpaka mwisho, mimi nikiwa huku Nakuru ninafundisha. Nimekaa kimya kama alivyoelekeza Mzee wa Mbale, nami sala niliyoipata ni hii, ambayo nitaisema kwa Kimarama, lugha yetu ya nyumbani, ili mama aifuate vizuri:

"Ee Mungu Baba, tunakushukuru kwa kutufikisha sote katika boma hili. Tunakushukuru kwa ajili ya mama yetu, ambaye bado anatutambua kwa sauti zetu. Tunakushukuru kwa ajili ya dada yetu, aliyemuuguza baba usiku na mchana sisi wengine tukiwa mbali. Tunakushukuru kwa ajili ya watoto wetu, waliopo hapa na wasiokuwepo, kwa kuwa kazi uliyoianza ndani yao ni yako. Zidisha upendo kati yetu, utupe na hekima ya kuutumia. Kibariki chakula hiki na mikono iliyokipika. Amina."

Sina hakika kuhusu sehemu ya dada. Je, haitaonekana kwamba ninamlainisha kwa sababu ya shamba?

Fundi wa Kakamega

Itaonekana hivyo ikiwa maneno hayo atayasikia kwa mara ya kwanza pale mezani, mbele ya watu. Fika Butere siku moja kabla, umwendee nyumbani kwake, umshukuru kwa kumuuguza baba, na shamba usilitaje siku hiyo hata akilianzisha yeye.

Mzee wa Mbale

Nami naafikiana na Fundi. Uende na mke wako, maana wanawake hao wawili huenda wamekuwa wakisemezana muda wote huu bila wewe kujua.