Mama anaogopa kukohoa baada ya kupasuliwa tumbo

Muulizaji: Habari zenu wanajukwaa. Mama yangu atafanyiwa upasuaji wa kuondoa mfuko wa nyongo wenye mawe, na muuguzi amemwagiza aanze mapema mazoezi ya kuvuta pumzi ndefu na kukohoa. Yeye anahofia kwamba akikohoa mshono utaachia. Je, mazoezi haya yana ulazima gani?

Muuguzi wa wodi ya upasuaji: Mpe mama pole. Mtu aliyepasuliwa tumbo, hasa karibu na mbavu, huvuta pumzi fupifupi akikwepa maumivu, na dawa ya usingizi nayo hudhoofisha uwezo wa mapafu kujisafisha. Kwa hiyo vifuko vidogo vya hewa husinyaa, makohozi hutuama, na nimonia hupata nafasi. Aketi wima, avute hewa polepole kwa pua mpaka mbavu za chini zitanuke, aizuie kwa sekunde 3 hivi, kisha aitoe taratibu kwa mdomo. Wodini kwetu tunamtaka mgonjwa arudie kama mara 10 kila saa awapo macho, akipumzika katikati asije akashikwa na kizunguzungu. Anapotaka kukohoa akunje magoti, akandamize mto mdogo au khanga iliyokunjwa juu ya kidonda kwa mikono miwili, ndipo akohoe. Tumbo hushonwa kwa tabaka, na kukohoa kwa namna hiyo hakutarajiwi kufumua mshono.

Mtaalamu wa fiziotherapia: Naunga mkono, na nasisitiza ajifunze sasa, kwa sababu akiamka na maumivu na usingizi wa dawa hataelewa maelekezo mapya. Utafiti wa Australia na New Zealand uliochapishwa na jarida la BMJ mwaka 2018, wenye wagonjwa 441 wa upasuaji wa sehemu ya juu ya tumbo, ulionyesha kwamba waliofundishwa na mtaalamu kwa dakika 30 kabla ya upasuaji walipata matatizo ya mapafu kwa asilimia 12, ilhali waliopewa kijitabu pekee walifikia asilimia 27. Aliyepasuliwa jicho au ubongo, hata hivyo, asikohoe kwa nguvu bila idhini ya daktari wake.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Na maumivu yakimzidi?

Muuguzi wa wodi ya upasuaji: Aombe dawa ya maumivu na asubiri ifanye kazi kabla ya mazoezi, kuvumilia kimya ndiko kunakomfanya asipumue vizuri. Akipata homa, pumzi ikienda mbio au makohozi yakibadilika rangi, waarifuni wahudumu mara moja.