Dozi ileile ya mionzi, madhara tofauti: ratiba ina nafasi gani?

Swali
Habari zenu, ndugu wanajukwaa. Ninasomea fiziolojia ya mamalia, na nimekutana na majaribio ya Claude Regaud ya Paris, miaka ya 1920. Alipozipiga mionzi korodani za kondoo dume kwa mkupuo mmoja, hakuweza kumfanya mnyama awe tasa bila kuiunguza vibaya ngozi ya pumbu. Alipoigawa dozi kwa siku kadhaa, utasa ulipatikana na ngozi ikasalimika. Kwa nini tishu hizo mbili zisiumie kwa kadiri moja?

Jibu la kwanza
Ndugu, kiini ni seli kujirekebisha. Sehemu moja ya madhara hupanda sambamba na dozi, nyingine hupanda kwa mraba wake, na hiyo ya mraba ndiyo inayopungua sana dozi ikigawanywa. Figo, mapafu na uti wa mgongo, ambavyo madhara yake hujitokeza baada ya miezi au miaka, huumizwa na sehemu hiyo ya mraba zaidi kuliko uvimbe mwingi wa saratani. Chukua Grei (kipimo cha dozi ya mionzi) 40 zinazotolewa kwa mafungu, yaani 4 kwa kila mara, mara 10: kiungo chenye uwiano wa alfa kwa beta (ile sehemu ya sambamba kwa ile ya mraba; ukiwa mdogo, mafungu makubwa huumiza zaidi) wa 3 huumia kana kwamba kimepewa Grei 56 kwa mafungu ya 2, ilhali uvimbe wenye uwiano wa 10 hupata sawa na 46.7 tu. Kwangu mimi, hapo hatari ya mafungu makubwa huonekana waziwazi.

Jibu la pili
Naomba muda usisahauliwe. Wiki nyingi huusaidia utando wa mdomo kuzalisha seli mpya, ila uvimbe nao huzaliana. Uti wa mgongo huhitaji zaidi nafasi kati ya fungu na fungu ili ujirekebishe: Uingereza, ratiba ya tiba ya saratani iitwayo CHART ilitoa Grei 1.5 mara tatu kwa siku, kila baada ya saa 6, kwa siku 12, na baadhi ya wagonjwa wa mwanzo walidhurika uti wa mgongo ingawa ulipata chini ya Grei 50.

Muuliza swali
Nashukuru sana. Mbona basi saratani ya matiti hutibiwa kwa mafungu 15 makubwa badala ya 25?

Jibu la kwanza
Kwa sababu jumla nayo ilipunguzwa. Jaribio la tiba ya saratani ya matiti liitwalo START B lililinganisha Grei 40 kwa mafungu 15 na Grei 50 kwa mafungu 25. Kwa uwiano wa 3, hizo 40 ni sawa na 45 hivi, na kweli madhara ya baadaye kwenye titi yalikuwa machache zaidi, bila saratani kurudi kwa wingi. Tena uvimbe wa titi wenyewe una uwiano mdogo, hivyo mafungu madogo huuhurumia nao.