Mjadala: Ndugu anayetoa figo, je, ametoa kwa hiari yake?

Hoja iliyotangulia inasema kwamba, maadamu figo inatoka kwa ndugu wa damu, hakuna sababu ya kutilia shaka ridhaa yake, kwa kuwa mtu hamuuzii nduguye kiungo. Naipinga. Undugu unazuia biashara, lakini hauzuii kulazimishwa.

Tangu upandikizaji wa figo uanze Tanzania, kwanza Muhimbili mwaka 2017, kisha Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018, huduma hiyo imewategemea watoaji walio hai, hasa jamaa wa mgonjwa, na kwa hiyo uamuzi huanzia nyumbani. Niliwahi kuketi katika kikao cha ukoo cha namna hiyo. Mgonjwa alikuwa amelala chumba cha pili, ametoka kusafishwa damu, shughuli ya saa nne hivi ambayo kwa kawaida hurudiwa mara tatu kwa wiki. Kaka mkubwa alitaja presha yake, wa pili akataja watoto wake wadogo, kisha macho yote yakamgeukia binti wa mwisho, ambaye alikuwa hajaolewa. "Nitafanya mnavyosema," alijibu, akaendelea kukusanya vikombe vya chai. Wazee wakamshukuru Mungu. Mimi hadi leo siwezi kuiita kauli ile ridhaa.

Ni kweli kwamba mtu mwenye afya njema huweza kuishi vizuri kwa figo moja, kwani inayobaki huongeza kazi yake. Hata hivyo, huo ni upasuaji mkubwa anaofanyiwa mtu asiyeumwa, na baadaye atahitaji kufuatiliwa presha na figo yake maisha yake yote. Ndiyo maana nashikilia kwamba mtoaji azungumze na daktari asiyemtibu mgonjwa, wakiwa wawili tu, bila mjomba wala shangazi. Naye akikataa, familia iambiwe tu kwamba hafai kutoa, pasipo kutajwa sababu. Wapo wanaouita huo uongo. Kwangu ni siri ya kitabibu kama siri nyingine yoyote, na bila kinga hiyo binti yule angerudi nyumbani akihesabiwa kuwa ndiye aliyemuua kaka yake.

Mnaoamini kwamba undugu unatosha, mngemuuliza nini binti yule, na mngemuulizia wapi?